Kelele za Karani

Buhare, Musoma
11 Machi 2024

Mwanangu Hamduni,

Nakusalimu kutoka kitandani. Nyonga inaunga, daktari anasema, ila miezi minne nisithubutu kurudi Butiama kukaa peke yangu. Binti yangu Skolastika ananilea hapa kama kifaranga. Nimeshachoka kulelewa.

Nakuandikia barua kwa sababu masikio yangu hayapatani na simu. Juzi umenipigia, maneno yote yakanipita, nikaambulia "sawa" tu, na mpaka leo sijui sawa ya nini. Pastory anapeleka dagaa Bunda kila Jumanne na Ijumaa. Atakuwa posta yetu.

Nakushukuru tena kwa kumchukua Karani. Hapa isingewezekana, mjukuu wangu ana pumu na kasuku wana vumbi kwenye manyoya. Siku ile nilipoingia dukani kwako kupunguza gauni, ukaniambia "Mwalimu, hunikumbuki, mimi Hamduni, ulinifundisha Butiama," nilitamani ardhi inimeze, maana kweli sikukukumbuka. Halafu ukasikia nyonga yangu imevunjika, wewe mwenyewe ukajitolea kukaa na ndege wangu. Mungu akuzidishie.

Sasa sikiliza. Karanga apewe chache, zisiwe na chumvi. Mtama, mahindi mabichi, papai, mchicha, hivyo anapenda. Parachichi asiliguse, ni sumu kwake. Usiku mfunike kitenge. Karatasi yake ya kibali cha wanyamapori iko ndani ya bahasha ya kaki, usiipoteze. Akikushtukia, usimkaripie. Amezaliwa na roho ndogo ndani ya mdomo mkubwa.

Kesho mnaanza mfungo. Mfunge salama.

Mwalimu wako,
Pelagia


Nyasura, Bunda
19 Machi 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Sisi huku wazima, alhamdulillah, na funga inaenda vizuri. Mama Tausi anakusalimia sana. Tausi naye anakusalimia, yuko kidato cha pili na anampenda huyo ndege kuliko vitabu.

Karani hajambo. Anakula vizuri. Asubuhi akiona mtu anasema "Shikamoo" kwa sauti yako kabisa, wateja wanacheka mpaka basi. Ila Mwalimu, kuna kelele kidogo. Anapigaga kelele kama mtu anachinjwa. Ninamwambia "Nyamaza!" na yeye sasa amelishika hilo neno. Jana ameingia mama mmoja mtu mzima, anataka kushona dera la Idi, hata hajafungua mdomo, ndege anamwambia "Nyamaza!" Mama wa watu akageuka akatoka. Nimemkimbilia mpaka barabarani kumwomba radhi.

Kwa hiyo nilikuwa nauliza, wewe ulikuwa unamnyamazishaga vipi? Huu ni mwezi wa kazi, nguo za Idi zimejaa mpaka juu ya kabati. Mengine yote ni sawa, usiwe na wasiwasi.

Ugua pole.

Hamduni


Buhare, Musoma
24 Machi 2024

Hamduni mwanangu,

Nimecheka mpaka nyonga imenikumbusha iko wapi. Mwombe radhi mama huyo kwa niaba yangu.

Kasuku hapigi kelele bure. Porini wakipotezana huitana, na anayeitwa asipoitika, mwenzake anaongeza sauti. Wewe ukimjibu "Nyamaza!" kwa nguvu, kwake hiyo ni kuitikiwa. Anafurahi, anarudia.

Fanya hivi. Chukua daftari. Siku saba, kila akipiga kelele, andika saa, andika kilichotokea kabla, kisha andika wewe umefanya nini baada yake. Usifiche kitu. Halafu niletee tusome wote.

Anajinyonyoa manyoya? Maana wengine wakihama nyumba hufanya hivyo. Nijibu hili swali.

Mwalimu wako,
Pelagia


Nyasura, Bunda
3 Aprili 2024

Mwalimu, shikamoo.

Sikupata daftari, nimeandika kwenye daftari la vipimo. Nakunakilia siku moja, nyingine zinafanana nayo.

"Saa tatu asubuhi. Nimesimamisha cherehani nimchukue mteja vipimo. Kelele. Nimempa karanga, amenyamaza. Saa nne na robo. Nimesimama kupiga pasi. Kelele. Karanga, amenyamaza. Saa sita. Nimetoka kutawadha. Kelele. Tausi amempa karanga. Saa saba mchana, kelele, karanga. Saa nane, kelele, karanga mbili."

Kwa hiyo umeona mwenyewe, karanga ndiyo dawa, ila haimalizi ugonjwa. Anaanza tena.

Mwalimu, nitasema kweli. Jumamosi amemng'ata kidole mteja, damu imedondokea kanzu nyeupe ambayo nimeishona siku mbili. Juzi amefungua tundu kwa mdomo, akatafuna vifungo vya mashati sita, vyote, kimoja kimoja. Mimi nimefunga, kichwa kinagonga, wateja wamejaa mlangoni, na huyu anapiga mayowe. Uvumilivu una mwisho. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kuna mzee mmoja wa Kibara ana hoteli pale karibu na mwalo wa wavuvi. Anamtaka Karani amweke barazani, wageni wamchezee wakinywa. Pana muziki kutwa, kelele zake hazitasikika. Nimemwambia asubiri mpaka tarehe 27, nikuulize kwanza mwenye mali. Ukiwa na mtu mwingine wa kumchukua kabla ya hapo, niambie.

Manyoya ni ya kawaida.

Hamduni


Nyasura, Bunda
4 Aprili 2024

Bibi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni Tausi, mtoto wa Hamduni. Baba hajui kama nakuandikia. Nimempa Pastory mwenyewe mkononi.

Bibi, manyoya siyo ya kawaida. Kifuani yameisha, imebaki ngozi tu kama kuku aliyenyonyolewa. Anajitoa mwenyewe, namkutaga asubuhi yamejaa chini. Akipiga kelele sana baba anamfunika gunia mchana kweupe, anakaa gizani hata masaa mawili. Halafu anagonga tundu na ile rula ya mbao ya kukatia. Siku ya vifungo alimtoa nje akampiga nayo mgongoni. Siyo kwa nguvu sana, lakini alimpiga. Tangu hapo Karani akiiona rula anajibana kwenye kona anatetemeka, na hata shikamoo hasemi tena.

Baba siyo mtu mbaya bibi. Huwaga hapigi watu. Nadhani amechoka tu, na anaona aibu kukuambia ameshindwa.

Naomba usimwambie kama nimesema. Na naomba Karani asiende Kibara. Nimeiona ile hoteli, spika zimewekwa pale pale anapotaka kumtundika.

Tausi Hamduni


Buhare, Musoma
8 Aprili 2024

Hamduni,

Nimekuuliza swali moja tu, manyoya, ukanidanganya. Tausi ameniandikia yote. Gunia. Rula. Mgongoni!

Huoni haya, mtu mzima na ndevu zako, kumpiga kiumbe kisichozidi uzito wa nusu kilo? Na mwezi wenyewe huu? Unampa karanga kila akipiga mayowe, yaani unamlipa apige mayowe, halafu ukimaliza kumlipa unamwadhibu kwa kazi uliyomlipia. Hata mtoto wa chekechea angeliona hilo kwenye daftari lako. Soma ulichoandika!

Nakuamuru uache mara moja. Rula hiyo itoke dukani. Gunia nalo litoke. Kibara haendi. Mimi ndiye mwenye ndege, na nimesema.

Pelagia


Nyasura, Bunda
12 Aprili 2024

Mwalimu Pelagia,

Idi imepita. Nimengoja ipite ndiyo nijibu, nisije nikaandika maneno ya kujuta.

Ni kweli nimempiga. Nimekudanganya pia, hilo ni kosa langu. Lakini Tausi alikuomba usimtaje, nimeisoma ile kopi yake kwenye daftari la Kiingereza, na wewe umemtaja kwenye mstari wa pili. Siku nne sasa mimi na mwanangu hatusemeshani. Yeye ananiogopa, mimi nina aibu. Idi tumekula kila mtu anaangalia sahani yake.

Sasa na mimi nina swali moja tu. Unakumbuka fimbo yako ya mpera, ile uliyokuwa unaiwekaga juu ya kabati la chaki?

Mimi naikumbuka. Mama yangu alikuwa mgonjwa, mimi ndiye nilikuwaga nachota maji kabla ya shule, na kisima kina foleni. Nikichelewa, viboko vinne. Hukuwahi kuuliza kwa nini. Ulikuwa unasema "samaki mkunje angali mbichi," huku unachapa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Basi nikajifunza, ndiyo, nilijifunza vizuri sana: ukiona umechelewa, usiende kabisa. Nilikuwa najificha kwenye mihogo nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu mpaka kengele ya kutoka. Darasa la sita sikufika hata nusu ya siku zake. Baba alipogundua akasema, kama shule huitaki, kaa kwenye cherehani. Shule nilikuwa naitaka, Mwalimu. Niliitaka sana.

Nilipokuona umeingia dukani kwangu na gauni lako, nilijitolea kumchukua ndege ili uone nimekuwa mtu, nina duka, nina mafundi wawili. Hukunikumbuka. Sawa. Lakini leo unaniandikia ndege asipigwe kwa sababu ana roho ndogo. Mimi nilikuwa na roho ya namna gani?

Mzee wa Kibara anakuja Jumamosi ya tarehe 27. Mimi sina la zaidi.

Hamduni


Buhare, Musoma
22 Aprili 2024

Hamduni mwanangu,

Imenichukua siku kumi. Barua nne nimechana. Ya kwanza ilisema enzi zile kila mwalimu alichapa. Ya pili ilisema darasa lilikuwa na watoto themanini na mimi mmoja. Ya tatu ilisema mimi mwenyewe nilichapwa. Yote ni kweli, na yote ni ya kujitetea, kwa hiyo nimechana.

Sura yako niliisahau, lakini miaka yote hii nilijua Hamduni mtoto wa fundi alitolewa shule na babaye kwa kutaka msaidizi. Ndivyo nilivyoandika kwenye rejista. Sikuuliza. Kisima kilikuwa njiani kwangu, foleni nilikuwa naipita kila asubuhi nikielekea shuleni. Nilikuwa naiona.

Nilikukosea. Nisamehe. Nimemkosea na Tausi, naye nimemwandikia ya kwake, ipo ndani ya hii. Mtoto ameniamini nami nikamtumia kama fimbo ya kukuchapia wewe. Uzee haujanitibu.

Jingine nililokuwa sijakuambia. Mume wangu alipofariki akaniachia Karani, nami nilimpiga. Kwa kandambili. Aliniuma kidole, nikampiga, akaniuma zaidi, nikampiga zaidi. Akaingia nyuma ya kabati, siku tatu hakula. Jirani yangu Dafroza, afisa mifugo, akanikuta nimepiga magoti namwomba ndege atoke. Akaniambia, "Mwalimu, huyu hajajifunza kutouma. Amejifunza kukuogopa wewe." Ndiye aliyenifundisha mambo ya daftari. Basi nikawa mpole kwa ndege, nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mpole. Wale watoto themanini sikugeuka kuwatazama.

Sitakuamuru kitu tena. Ukimpeleka Kibara sitakulaumu, nimekubebesha mzigo wangu. Ila moyo wangu unaomba, na nakuambia wazi unaomba, umjaribu kwa muda uliobaki.

Ukisoma daftari lako utaona kila ulipoandika sababu, kelele zimeanza cherehani iliposimama. Wewe kwake ni ule mlio. Mlio ukinyamaza, anadhani umepotea. Basi kabla ya kusimama, mwambie kwa sauti ya chini "narudi", au mpigie mluzi mfupi, uwe huo huo kila siku. Yeye akiuitika kwa mluzi au kwa neno la upole, hapo hapo mpe karanga na umsifu. Akipiga mayowe, usimtazame, usimsemeshe, endelea na kazi. Akitulia hata kwa kuhesabu mpaka tano, mgeukie na karanga. Siku mbili tatu za mwanzo atazidisha mayowe kuliko yote uliyoyasikia. Usikate tamaa hapo, maana ndipo wengi wanaposhindwa. Mpe na kitu cha kutafuna, vipande vya mbao laini, vifungo vibovu hapana, atavimeza.

Pelagia


Nyasura, Bunda
30 Aprili 2024

Mwalimu, shikamoo.

Mzee wa Kibara amekuja na tundu lake, dogo kama la njiwa. Nimemwambia ndege anaumwa. Haumwi. Mungu anisamehe, ila tundu lile lilikuwa dogo sana.

Kuhusu yale mengine uliyoandika, nimeyasoma. Nimeyasoma zaidi ya mara moja. Leo nakuandikia ya ndege.

Jumatano na Alhamisi ilikuwa balaa. Amepiga mayowe mpaka jirani wa duka la simu amekuja kuuliza kama kuna msiba. Mafundi wangu wamejiziba masikio kwa pamba. Mimi nimekaa nashona pindo, jasho linanitoka, simtazami. Mwalimu, hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona suti. Ijumaa nikitoka kwenda msikitini nimempigia mluzi, amenyamaza, ameinamisha kichwa upande. Nimerudi, Tausi ananiambia, "Baba, amelia mara moja tu halafu akapiga mluzi." Tumempa karanga wote wawili kwa pamoja.

Ndiyo, tunasemeshana. Nilimwambia tu nimekosa. Nilidhani litakuwa jambo refu. Alisema "sawa baba," akaniuliza kama nimekula.

Rula nimempa fundi mwenzangu wa soko kuu. Nimenunua ya plastiki ya rangi ya njano, hiyo haiogopi.

Hamduni


Nyasura, Bunda
25 Juni 2024

Mwalimu, shikamoo.

Habari ndiyo hii. Manyoya kifuani yameota, madogo madogo ya kijivu, Tausi anayahesabu kila Jumapili. Kelele kutwa nzima mara mbili, mara tatu, na ni fupi. Ile "Nyamaza!" hatuijibu na anaisahau. Sasa anasema "Narudi" kwa sauti yangu. Mteja akitoka mlangoni, ndege anamwambia "Narudi," na wengine kweli wanarudi.

Kuna siku nilikuwa nimeudhika na fundi wangu mmoja amechelewa kazini siku ya nne mfululizo. Nilifungua mdomo nimfukuze. Nikamwuliza kwanza kwa nini. Mke wake amejifungua, hana mtu wa kumsaidia asubuhi. Tumepanga aanze saa nne.

Pastory anasema umeanza kutembea na mkongojo mpaka dukani. Hongera sana.

Hamduni


Buhare, Musoma
9 Julai 2024

Hamduni mwanangu,

Daktari ameniachia. Narudi Butiama kwangu. Nyumba imefungwa miezi mitano, na mimi ni mtu wa kuongea na kitu chenye masikio. Nitapitia Nyasura Jumamosi ya tarehe 20 nimchukue Karani wangu. Nimeshapata boksi lenye matundu. Nakushukuru kwa yote, na sitakusumbua tena.

Pelagia


Butiama
22 Julai 2024

Hamduni mwanangu,

Nyie mliobaki Nyasura mmejua namna nilivyoondoka, lakini hamjui kwa nini, kwa hiyo naandika. Mama Tausi aliniuliza mara tatu kama nimekasirika. Mwambie hapana.

Nilifika wewe uko msikitini. Tausi akanipa kiti na chai. Nilikwenda kwenye tundu, nikasema "Karani, bibi yako huyu," nikanyoosha mkono. Alinitambua, akasema shikamoo. Akapanda mkononi mwangu vile vile kama zamani, amekaa wima, ananitazama kwa jicho moja. Nikasema moyoni, haya, mambo ni kama yalivyokuwa, tia kwenye boksi twende.

Halafu wewe ukaingia. Hukuniona, nilikuwa nyuma ya nguo zilizotundikwa. Ulivua kandambili, ukapiga ule mluzi. Karani akaruka kutoka mkononi mwangu mpaka kwenye meza yako, akakusogelea kwa miguu, akainamisha kichwa chote mpaka mdomo ukagusa kitambaa, akatuna manyoya ya shingo. Nawe ukamkuna kwa kidole huku unasoma kipimo cha suruali, hata humtazami, kama ni jambo la kila siku.

Hamduni, mimi nimekaa na ndege yule miaka tisa. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemwimbia. Hajawahi kuniinamishia kichwa. Dafroza aliniambia kasuku haonyeshi shingo kwa mtu anayemhofia hata kidogo, nikajifanya sikusikia. Alikuwa ananivumilia. Miaka tisa ndege ananivumilia, na wewe uliyempiga mwezi wa nne, mwezi wa saba anakupa shingo.

Ndiyo sababu nimekuachia Karani na boksi nikaliacha kwa Tausi aweke vitabu. Nilisema gari linaniacha, halikuwa linaniacha. Sikulia njiani. Nimelia nilipofungua mlango hapa, nyumba ilivyokuwa kimya, na sioni haya kukuambia. Ni wako. Karatasi ya kibali nitaipeleka maliasili nibadilishe jina mguu ukipata nguvu.

Nilikufundisha miaka miwili na zaidi. Daftari zako zilipita mikononi mwangu mamia ya mara, na nimekaa leo tangu asubuhi najaribu kukumbuka kama niliwahi kukuandikia neno moja jema chini ya kazi yako. Sikuwahi. Kwa hiyo naliandika sasa, kwa kalamu nyekundu, niliyomtuma mtoto wa jirani kuinunua:

Vizuri sana, Hamduni.

Mwalimu wako,
Pelagia